Namba 1047

Rauno amenipigia simu kabla ya jua,
na jua la Tartu mwezi wa Januari halina haraka.
"Helve, ghala limenigomea tena.
Kusoma nasoma. Nikitaka kuandika, lanifungia mlango."

Nimevaa buti, nimevuka daraja.
Chini yangu Emajõgi umeganda:
ukurasa unaosomeka wote,
usiokubali wino.

Sisi ni watu sita, kazi yetu kupima barafu ya mto.
Seva yetu ni moja, inakaa chini ya ngazi.
Ghala la msimbo ni moja, kila mtu huvuta,
huongeza, husukuma, mwaka wa kumi na mmoja huu.

Nimeketi sakafuni na koti langu.
Naziorodhesha faili:
herufi tatu za mwenyewe,
tatu za kikundi,
tatu za mpita njia,
na palipokatazwa, kistari.

Za Rauno zipo, na za Liisbet.
Zipo na zangu za juzi, fedheha yangu, nakiri,
nilizoziunda nikiwa na mamlaka ya mkuu wa mashine.
Mwenye funguo za nyumba nzima
kila anapokanyaga huacha kufuli.

Halafu safu ya majina inakatika.
1047.
1047.
1047.

Mashine haikai matanga.
Siku tisa baada ya kanisa, kwa fomu na muhuri,
ofisi ya utumishi ilifuta akaunti ya Urmas Kallaste.
Faili zake zikabaki mikononi mwa namba
isiyo na mtu wa kuitikia.

Hakuwa mchoyo, Urmas.
Mkate wake mweusi aliuacha mezani umeshakatwa,
kisu kando, siagi wazi.
Ila kila faili aliyoiunda
ilizaliwa imefumba ngumi,
na vifolda vya ghala ni mia mbili hamsini na sita:
ukiangukia cha Liisbet unapita,
ukiangukia cha Urmas unarudi.
Nilimwambia abadilishe. "Kesho, Helve."
Kesho zake ninazo hapa, mia tatu na kumi na mbili.

Kazi yenyewe ni fupi.
Vyote viwe vya kikundi.
Kikundi kiandike.
Kisha ile herufi moja juu ya kila folda,
ili kitakachozaliwa humu kirithi ukoo wa nyumba,
si mfuko wa aliyekileta.
Na ghala lenyewe naliambia: wewe ni la shirika,
usinisubiri mimi kukukumbusha.

Kikundi chetu kinaitwa jaa.
Tulitaka *jää*, mashine ikakataa nukta.
Kwa Kiestonia ni barafu,
na ni neno lile lile unalomwambia
mtu aliyeshika kitasa: baki.

Imebaki amri ya kuiondoa 1047.
Kidole kinasita. Chai imepoa.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
basi nalifungua daftari.
Saa nane na dakika kumi na nne usiku, miaka minne nyuma:
*Urmas Kallaste. Nimerekebisha kosa langu la jana. Samahanini.*
Napandisha juu: Urmas. Juu zaidi: Urmas.
Amri yangu haifiki huku.
Diski itamsahau, sawa. Diski haikuwahi kumjua.

Nabonyeza.

Rauno anasukuma kutoka nyumbani, mdomo umejaa uji,
nausikia kwenye simu. "Imepita!"
Hajui hata nimefanya nini,
na ndivyo kazi hii inavyotakiwa kuwa.

Ila faili moja ilikuwa pembeni, nje ya daftari,
imefungwa kwa wote isipokuwa yeye.
Jina lake: kesho.
Nina uwezo wa kuisoma. Uwezo ninao wa kusoma kila kitu
katika chumba hiki, ndiyo maana nimejifunza kutazama kando.
Nimeirudishia namba yake,
nikazima taa ya chini ya ngazi.